Mama Aligeukia Ukuta

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sioni haya kusema. Simu ikiita kabla sijanywa chai, naanza kuhesabu nani anaweza kuwa mgonjwa. Nilipopata kazi katika duka la mbolea na dawa za mifugo hapa Kitale, nilimpeleka binti yetu mdogo kwa mama yangu, Bungoma, kwa sababu mume wangu hashindi nyumbani na msichana wa kazi alikuwa ameenda kwao Krismasi akapotelea huko. Watu walinipongeza. Mtoto kulelewa na kukhu wake, yaani bibi yake mzaa mama, nilitaka nini tena? Lakini kila nilipokuwa nikimpimia mteja mbolea nilikuwa nikijiuliza kama mtoto amekula, kama amefunikwa, kama amekaribia kisima. Niliogopa kila kitu isipokuwa kile nilichopaswa kukiogopa.

Kijiji chetu kiko upande wa Lwakhakha, na nyuma yake kuna kilima ambacho watu wamechimba dhahabu tangu nikiwa mtoto. Wanaume wanashuka mashimoni, wanawake wanaponda mawe na kuosha mchanga, na mama yangu alikuwa mchomaji. Mchanga ukishaoshwa unatiwa zebaki, yale maji mazito ya rangi ya fedha yanayouzwa kwa kipimo cha kizibo cha soda, nayo inazikusanya punje za dhahabu zikawa donge. Donge linakamuliwa kwa kitambaa, linawekwa motoni, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Mama aliifanya kazi hiyo jikoni kwake, mlango umefungwa, kwa kuwa dhahabu haichomwi mbele ya macho ya watu. Wachimbaji walimwamini kuliko walivyowaamini wake zao, na wake zao walilijua hilo.

Kampuni kubwa ilipopewa leseni ya kilima tulidhani yamekwisha. Tulingoja polisi na ua wa waya. Lakini kampuni ilikata kona moja ya kilima ikawaachia wachimbaji, mradi wawe kikundi, wafukie mashimo ya zamani, waweke nguzo ndani ya mapya, na mtu asichome tena zebaki wazi wala ndani ya nyumba. Wakitimiza hayo, kampuni ingenunua dhahabu yao moja kwa moja, bila madalali. Na mtu aliyeajiriwa kuwafundisha alikuwa mume wangu mwenyewe.

Mume wangu amezaliwa Kitale, lakini wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati. Kwao mkwe anaketi na mama wa mkewe, wanakunywa chai na kupiga soga. Kwetu hawaangaliani usoni, hawapeani mikono, na jikoni kwa mama mkwe hakanyagi. Siku ya kwanza nilipomleta nyumbani alimnyooshea mama mkono, na mama akatimua mbio hadi kwenye migomba. Shangazi zangu wanaicheka hadi leo. Akajifunza. Miaka yote wakawa wanaongea kupitia kwangu, hata wakiwa kwenye ua mmoja. "Mwambie mama kuku ilikuwa tamu sana." "Mwambie amesikika."

Siku ya mafunzo nilikuwa nyumbani kwa likizo. Watu walikusanyika kanisani, na mume wangu akaweka mezani chombo kipya: chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko cha kukazwa kwa skrubu, na bomba linalotoka juu yake na kuinama hadi ndani ya beseni la maji. Moshi unapita bombani, unapoa, zebaki inarudi kuwa maji, unaitumia tena, na hakuna anayeivuta. Mama alikuwa amewekewa kiti cha mbele kwa sababu chungu kingekuwa mikononi mwake. Mume wangu aliposimama kuongea, mama naye akasimama, akageuza kiti, akaketi akiutazama ukuta na leso yake kichwani.

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu hiyo ni adabu, nami niliona fahari kuwa na mama mwenye heshima zake. Mume wangu alifundisha vizuri. "Mnaona hapa? Inaingia hivi. Halafu mwisho wake unafanya hivi." Watu wote wakaitikia kwa vichwa, na mama akaitikia kwa ukuta. Mwishowe akakabidhiwa chungu akitunze hadi kibanda cha kuchomea, ambacho kikundi kilikuwa kikijenga nje ya kijiji, kiezekwe mabati.

Niliporudi nyumbani tena, mama alinimiminia chai na nusu ikaishia kwenye sahani.

"Mama, mkono una nini?"

"Ni uzee tu. Kwani wewe hutazeeka?"

Mtoto alikuwa amelala kwenye godoro dogo jikoni, mahali anapolala kila alasiri kwa sababu kuna joto. Nilimgusa paji la uso, nikasikiliza anavyopumua, kama kawaida yangu. Mama akasema nisijisumbue, mtoto ni mzima, afadhali nione yeye anavyofuata mafundisho ya baba ya mtoto. Alikuwa na furaha ya mwanafunzi aliyepata alama nzuri. Kibanda kilikuwa bado hakijaezekwa, na wachimbaji walikuwa wamemlilia awachomee kidogo tu. Akafunua pazia la pembeni. Chungu kilikuwa juu ya makaa, kifuniko kimefungwa, na bomba limeelekezwa pembeni kabisa, mbali na mlango, ili moshi usiwafikie majirani. Chini ya mdomo wa bomba, ng'ambo ya pazia tu, kulikuwa na godoro la mtoto.

"Maji yako wapi?" nikauliza.

"Maji ya nini?"

"Mama, bomba linaingia kwenye maji!"

"Nilisikia ati moshi inapita kwa bomba. Si inapita? Huyo alisema 'hapa', akasema 'hivi'. Sasa mimi ningejua 'hivi' ni wapi?"

Nilimnyakua mtoto nikatoka nje bila viatu. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia mume wangu na "hivi" zake, nikazikasirikia heshima zetu zote pamoja na zile nilizoonea fahari kanisani. Halafu hofu ya pili ikanifikia. Nikimwambia mume wangu kwamba zebaki imechomwa ndani ya nyumba, atalazimika kuripoti, na kona ya kilima inaweza kuchukuliwa. Kijiji kizima kinakula pale. Nisipomwambia, mtoto atatibiwaje? Nilimpigia hapo hapo. Sikungoja ujasiri, kwa sababu sina.

Alikuja na pikipiki kutoka Kitale, uso umejaa vumbi. Tuliwapeleka wote wawili hospitalini Bungoma, mama akikaa benchi moja na mume wangu benchi la mbali, mimi nikienda huku na huku na maneno yao. Mkojo ukachukuliwa ukapelekwa kupimwa mbali. Nilirudi Kitale na mtoto, nikawa mtu wa kuangalia mikono. Nilimpa kikombe nikaangalia. Nilimpa penseli nikaangalia. Akicheka sana niliogopa, akinyamaza niliogopa zaidi. Majibu yalipokuja, daktari alisema zebaki imo mwilini mwa mtoto lakini ni kidogo, itatoka polepole akikaa mbali na moshi, na tumrudishe apimwe tena. Ya mama ilikuwa nyingi. Alikatazwa kuchoma. Kuhusu mikono yake daktari alisema huenda ikatulia, huenda isitulie.

Mume wangu aliripoti. Kampuni ilifunga kona, ikasema itafunguliwa kibanda kikikamilika na mchomaji akionyesha mbele ya afisa, kwa chungu kitupu, jinsi atakavyowafundisha watakaoishika kazi. Mchomaji alikuwa mama. Afisa alikuwa mkwe wake. Watu wakaja kwangu: mwambie mama yako akubali. Hakuna usiku niliopata usingizi wiki hiyo.

Siku yenyewe kibanda kilikuwa kinanuka mabati mapya. Watu walizunguka pande zote. Mama aliletewa kiti, nami nikamwona anakishika mgongo na nikajua anakigeuza. Hakukigeuza. Alivua leso kichwani akaifunga kiunoni, akaketi, akamtazama mume wangu usoni. Shangazi mmoja akafunika mdomo.

"Mbuzi ya faini ya kuangaliana na mkwe mtaleta baadaye," mama akasema. "Wewe, baba ya mtoto. Rudia. 'Hapa' ni wapi?"

Mume wangu aligusa bomba. "Hapa, mama. Mwisho wa bomba. Unazama ndani ya maji."

"Na 'hivi'?"

Akamwonyesha. Kisha zamu ya mama ikafika. Aliinamisha bomba ndani ya beseni, sawasawa. Alifunika chungu, sawasawa. Akaichukua skrubu, na skrubu ikaanza kugonga chuma, kwa sababu mkono wake ulikataa kutulia. Alijaribu tena. Ikagonga tena. Nilitaka ardhi inimeze, maana sasa kila mtu alikuwa ameona.

Mume wangu alipiga goti. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mama, akaushika hadi ukatulia, wakaizungusha skrubu pamoja mpaka ikakaza. Mama hakukimbia. Alikaa hivyo kwa muda, mkono wake ndani ya mkono wa mkwe, macho yake kwenye chungu.

Halafu akaichukua leso, akajifunika kichwa, akanigeukia mimi.

"Mwambie asante," akasema.

Mume wangu alikuwa bado amepiga goti pale pale. Nikamwambia.