Koti la Mgongo wa Zambarau

Mwaka ule nilikuwa nimetimiza miaka tisa Johannesburg, na miaka yote tisa nilikuwa nafupisha suruali za watu. Kubadilisha zipu, kupunguza kiuno, kurudisha kifungo. Hakuna aliyewahi kuniomba nimshonee vazi zima, kuanzia kitambaa hadi kola. Ndiyo maana yule Mkenya wa benki kule Sandton, jitu la mwili ambalo maduka yote yalishindwa kulivika, alipopanda ngazi hadi chumbani kwetu Hillbrow kutaka koti la theluji, nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Theluji yenyewe nilikuwa sijaigusa maishani. Pamba iliniishia nilipofika mgongoni, basi mgongo nikaujaza nywele bandia za kusukia, za rangi ya zambarau, zilizobaki saluni kwa mke wangu. Sikuona haja ya kumweleza mteja. Siku ya kupima akaubonyeza mgongo, kisha akaubonyeza tena.

"Fundi, hii kweli itashika baridi?"

Hasira zangu ziko karibu. "Nitaivaa mie mwenyewe, bwana! Unipeleke!"

Akacheka, na kweli akanipeleka. Mwenzake mmoja wa benki alikuwa amejitoa kwenye safari ya kufundishwa kuishi kwenye theluji, usiku mmoja, milimani mpakani na Lesotho. Mke wangu alinifunga skafu akinuna. "Weye, ukifa juu ya koti, miye sitalia."

Jamani, theluji! Nilipoikanyaga ilinung'unika chini ya kiatu, nikaruka. Nikaionja. Nikaionja tena. Watu wazima wenye vyeo walikuwa wanatupiana mabonge na kupiga mayowe, nami katikati yao, koti likinipita magoti, nikicheka hadi mbavu zikauma. Mwongozaji wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, akatuamuru tuchimbe pango la kulala. Nilichimba kwa kiherehere, sikutazama nyuma, na koleo la jirani likaupasua mgongo wa koti.

Zambarau ikamwagika juu ya weupe wote ule.

Mmoja akauliza nimemchinja msusi gani. Wote wakaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini niliona aibu hadi masikio yakawaka. Vazi langu la kwanza, na sasa nitarudi kwenye zipu zangu. Mwongozaji akasogea, akaingiza mkono kwenye tundu hadi kiwiko.

"Eish," akasema kwa Kiingereza chake cha milimani. "Humu kuna joto." Akaliziba kwa utepe wa gundi.

Nililala fofofo. Nilipoamka nilimkuta mteja wangu amejibanza mgongoni pangu, meno yakimgongana ndani ya koti la kuazima. Huko nje mwongozaji akaniomba nimwazime langu kidogo tu, wakati anachemsha chai. Akalivaa, akajizungusha, akakataa kulivua.

"Fundi, hiyo ni yangu!" Mkenya akafoka. "Mwambie atoe!"

"Akushonee lingine," mwanamke akajibu, akivuta zipu hadi kidevuni.

Wakavutana mikono ya koti kama watoto. Mimi nilisimama kando na sweta langu jembamba, natetemeka mwili mzima, nikiomba Mungu wasielewane upesi.