Mfuko wa Mfano

Mtaa mzima wa Nkuhungu, ukitaka kujua habari za mfuko wa kwenda kujifungulia, unaulizia Penina. Ni mhudumu wa afya ya jamii, mwenye fulana ya kazi iliyopauka na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Kila Jumanne asubuhi aliwakalisha wajawazito kwenye kibaraza cha zahanati, akaweka mfuko wa bluu katikati ya mkeka na kuanza kutoa kitu kimoja kimoja. Hiki cha nini? Na hiki? Ole wake mwenye mimba ya miezi minane atakayejibu kwamba hajui.

Mfuko ule ulikuwa wa mfano tu. Boksi la glavu lilikuwemo, ila glavu zenyewe zilikwisha siku nyingi. Chupa ya chai ilikuwa na mfuniko na mpini, lakini ndani hamna kioo. Wembe umebaki karatasi yake. Kilichokuwa kizima ni nguo za mtoto: sweta la njano lililofumwa kwa mkono, kofia yake na soksi, vyote vimevalishwa Batholomeo. Huyu Batholomeo ni mwanasesere wa kizungu mwenye mkono mmoja, aliyenunuliwa mnadani Msalato, na jina alipewa na kina mama wenyewe. Walimvalisha na kumvua kwa miaka minne, na wakati wa mvua nguo zake zilifuliwa kuliko za watoto wengi wa mtaa ule.

Mpinzani wa somo alikuwa mmoja, Bibi Debora wa Zuzu, aliyekuja kila wiki kumsindikiza mjukuu wake Anitha. Bibi alikaa pembeni, miguu kainyoosha, akasubiri mpaka Batholomeo atolewe.

"Nguo za mtoto ambaye hajafika ni uchuro," alisema. "Sisi tulikuwa hatununui hata kitambaa. Akishalia, ndipo watu wanakimbia dukani."

"Bibi yangu, nakuheshimu," Penina akamjibu. "Uchuro ni mtoto kuzaliwa Julai kwenye upepo huu, akafungwa khanga iliyolowa. Mfuko unafungwa mimba ikifika miezi saba na kuwekwa nyuma ya mlango. Mimi mwenyewe wangu uko pale."

Kina mama wakacheka, maana Penina naye alikuwa na tumbo la miezi minane na wiki zake. Bibi Debora hakucheka. Alimtazama tu.

Nyuma ya mlango wa Penina kulikuwa na ufagio na jembe. Kuwafundisha wengine ni kazi, na kazi aliiweza. Mfuko wake mwenyewe ulimshinda. Mara tatu alikwenda dukani, mara tatu akarudi na chumvi. Mumewe Sostenes, fundi rangi, alipouliza aliambiwa kila kitu kiko tayari, naye akaitikia bila kuuliza zaidi. Watu wa mtaani walimwona Penina ni mwanamke asiyeogopa kitu, na ilikuwa vizuri wakiamini hivyo.

Miaka minne nyuma alikuwa amefunga mfuko. Aliufunga mimba ilipofika miezi saba, mfuko huohuo wa bluu, na sweta lile la njano alilifuma mwenyewe jioni kwa jioni. Mtoto alizaliwa, hakulia. Kesho yake mfuko ulirudi nyumbani na nguo zimekunjwa vilevile alivyozikunja. Kuzigawa hakuweza, kuzichoma hakuweza. Mwezi uliofuata akazipeleka zahanati, akasema amepata vifaa vya kufundishia. Mganga mfawidhi alimsifu sana kwa kujitolea.

Sasa Jumanne hiyo alikuwa ameshika kipande cha sabuni, anaeleza kwamba ukisikia uchungu usianze kuzunguka nyumba unatafuta vitu. Hapohapo maji yakamwagika kwenye mkeka.

"Kina mama," alisema, na sauti kidogo imtoroke, "hii ndiyo niliyokuwa naisema."

Ikaitwa bajaji. Bibi Debora alipanda naye bila kuombwa, maana mtu mzima haachi mwanamke aende peke yake. Anitha, mwanafunzi msikivu, alikusanya vitu vyote vya mkekani, akafunga zipu na kuutumbukiza mfuko wa bluu miguuni mwao. Alifundishwa kwamba mama haendi hospitali bila mfuko, na somo lilikuwa limemwingia.

"Tupitie kwako tuchukue wako?" Bibi akauliza.

"Sostenes ataleta," alisema Penina. Akapiga simu, akamwambia mumewe mfuko uko nyuma ya mlango. Uongo ule aliutoa vizuri tu, akaenda nao mpaka mjini.

Hospitalini walipokelewa na muuguzi aliyeitwa Mwanne, mwanamke wa Kondoa asiye na muda wa hadithi. Akaomba vifaa. Bibi akampa mfuko. Mwanne akatoa boksi la glavu, akalitikisa. Akatoa chupa ya chai, akachungulia ndani. Kisha akamvuta Batholomeo kwa mguu.

"Mama, huyu kazaliwa saa ngapi?"

Penina aliona aibu iliyoyapita maumivu, ingawa si kwa muda mrefu. Mwanne akaenda kutafuta glavu stoo, akiitazama ile fulana ya kazi na kunung'unika kwamba huyu ndiye eti anafundisha wenzake.

"Wako uko wapi?" Bibi Debora akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Sina, bibi. Niliogopa."

Bibi akamkamata mkono. "Kumbe na wewe ni mtu wa kwetu," alisema, wala hakumsimanga.

Saa nane mchana mtoto akazaliwa, wa kike, akalia kama mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Penina alimsikia na bado hakuamini. Akamwuliza Mwanne kama ni wake anayelia, Mwanne akasema hapa hakuna mwingine. Nje upepo ulikuwa unapiga madirisha, na muuguzi akataka nguo za mtoto, haraka.

Nguo zilikuwepo za aina moja tu, zile za mfano. Bibi Debora alikuwa ameshaanza kumvua Batholomeo.

"Hapana, bibi," Penina alisema. "Hilo sweta ni la yule wa kwanza. Halikumfaa. Usimvalishe mwanangu."

Bibi hakuacha. Alivua kofia, akavua soksi, moja, nyingine.

"Hili limevaliwa na huyu mtoto wa somo la Jumanne miaka minne, na hajaugua hata mafua," alisema. "Mimi ndiye mwenye maneno ya uchuro hapa, siyo wewe. Nakuambia humu hamna."

Penina akamwachia. Mikono ya sweta ilizidi, ikabidi ikunjwe mara mbili.

Sostenes alifika jioni, rangi nyeupe bado iko kwenye nywele, mikono mitupu. Kwenye benchi la mlangoni alimkuta Bibi Debora amempakata Batholomeo aliye uchi, amemfunika pindo la khanga yake. Akamwamkia shikamoo kwa wasiwasi, akaingia. Alimwangalia mtoto kwa muda, akalitambua sweta, akakaa kitandani.

"Nyuma ya mlango hakuna mfuko," alisema.

"Najua. Nilikudanganya. Nisamehe."

"Na mimi nilijua. Tangu mimba ya miezi saba, nilipokwenda kuchukua ufagio."

Penina akamgeukia. Miezi yote ile alikuwa amejificha peke yake, au hivyo ndivyo alivyodhani.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Sostenes alikuwa anaikunja upya mikono ya sweta, taratibu, asimwamshe mtoto.

"Ningekuambia," alisema, "ungeufunga kama ule wa kwanza. Na mimi niliogopa."