Barabara Iliyofagiwa

Shangazi Edina anaishi kwa kufagia mahindi yanayomwagika sokoni Kibaigwa. Siku lori liliporudi nyuma likamvunja mguu, magunia yalipasuka, na wenzake wakafagia kabla trafiki hajafika. Trafiki alikuta lami safi kama altare, alama za matairi zimekwenda na punje, akaandika ripoti kwa kusimuliwa.

Leo, mwaka wa tatu wa kudai fidia, hakimu amemuuliza trafiki huyo, "Haya uliyaona mwenyewe?"

"Niliambiwa, mheshimiwa."

Ripoti ikakataliwa, nayo ndiyo ilikuwa ushahidi wetu wote.

Nje, Paskazia, mfagiaji mwenzake, alishindwa kumtazama Shangazi. "Dada, ufagio niliushika mimi."

Shangazi akaegemea mkongojo, akahema. "Acha, mdogo wangu. Ningekuwa na mguu siku ile, ningekuwahi kufagia."