Basi Lisilo na Paa, Jioni Eda Ilipoisha

Mtaani kwetu Ruashi wanasema nilipanda basi lile kwa wazimu wa kufiwa. Naandika haya ili waache kusema hivyo. Nilikuwa na akili zangu zote, nilikuwa nimeoga, nimeswali magharibi, na siku nilikuwa nimezihesabu vizuri kuliko mtu yeyote katika ukoo wa mume wangu.

Mume wangu alikufa mwezi wa pili, ghafla, akiwa anafunga viatu aende sokoni. Nilimpenda. Tuliishi pamoja miaka thelathini na miwili, tukagombana karibu yote, na siku alipozikwa nyumba ilinyamaza mpaka nikaogopa kuita jina lake. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu ambao mjane akikataa kufungiwa, wanadhani hakupenda.

Familia yake ni Waislamu wenye asili ya Maniema. Babu zake walikuja huku kuuza vitambaa na kushona kofia. Dini yetu inampa mjane eda ya miezi minne na siku kumi: unakaa nyumbani, hujipambi, unalala kwako. Niliipokea bila neno. Lakini baada ya arobaini, baba mkubwa wa mume wangu alikuja na wazee wawili. Wakanywa chai yangu, wakafuta midomo, ndipo wakasema kwamba nitakaa mwaka mzima, kwa nguo nyeusi, na chumba changu cha kushonea kitafungwa mpaka wao wenyewe watakapokuja kunivua nguo hizo. Nikauliza mwaka umetoka wapi. Wakasema ni desturi yetu. Si yetu. Ukoo huu umekaa na majirani wa kila upande vizazi vitatu, ukauchukua ule mwaka kwao kama mtu anavyoazima ungo akasahau kuurudisha, na leo anaapa ni wa mama yake.

Kilichoniuma hasa ni kile chumba. Ndani kuna cherehani zangu mbili, na mwezi wa saba ndipo shule zinapoagiza sare, mashati meupe na sketi za bluu. Kuna shule moja kule Katuba ambayo nimeishonea miaka kumi na mitano. Wakikuta mlango umefungwa msimu mmoja, hawarudi tena, maana mafundi mji huu hawakosekani. Mwaka mmoja ndani, na ningetoka nikiwa mama wa kuletewa sahani na binti yake. Mimi nilijua hivyo, na wale wazee walijua hivyo.

Wakaniachia mlinzi, wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Alihamia na godoro lake. Namwita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa heshima. Ufunguo wa chumba aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, hata usiku hakuufungua. Hakuwa mtu mbaya. Alipika sombe tamu ya majani ya muhogo, alinikanda miguu nilipovimba, ila kila nilipotaja neno kazi aligeuka kiziwi. Mimi nilikuwa nimebaki na kipande cha chaki ya kushonea. Kila magharibi nilichora mstari ndani ya mlango wa kabati.

Basi lilitokea mjini wakati huo. Mfanyabiashara mmoja alinunua basi kuukuu la ghorofa, akalikata paa, akapanga viti juu, na kila Jumamosi jioni likawa linazungusha watu kuonyeshwa mji kwa taa zake. Binti yangu, ambaye anafanya kazi mjini, alinihadithia huku anacheka.

"Mama, bantu banalipa franka kuona Posta! Ile Posta banapita kila siku!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaona kwamba siku yangu ya mwisho inaangukia Jumamosi. Ningeweza kungoja kesho yake, nikatoka nimejitanda mpaka kwenye macho, nikapita uchochoroni. Lakini mjane akitoka kimya, kesho wanasema ametoroka. Nilitaka kutoka mahali ambapo hakuna atakayesema hakuniona. Nikamwambia binti yangu anunue tiketi mbili, za juu, za mbele kabisa.

Jua lilipozama nikaswali, nikavua nyeusi, nikaikunja, nikavaa kitenge cha manjano na sweta ya binti yangu, maana mwezi wa saba baridi ya hapa haina adabu. Yaya alikuwa uani anapepeta mchele. Aliponiona, mchele ukamwagika.

"We! Unaenda fasi gani na ile nguo?"

"Yaya, eda yangu imekwisha sasa hivi. Minaenda muji kutembea."

"Baba Mukubwa alisema mwaka!"

"Baba Mukubwa hakuteremushiwa Kurani."

Akasimama kwenye geti, mikono kiunoni. Yeye ni mnene, mimi ni mwembamba. Nikapita ubavuni. Alinishika kitenge, nikamtazama, akakiachia. Nyuma yangu nikamsikia anatafuta namba kwenye simu, anabonyeza na kukosea, anabonyeza tena.

Mjini nilimkuta binti yangu akiningoja na tiketi. Ngazi ya lile basi ni nyembamba, nikaipanda nimeshika vyuma vya pembeni. Sitaficha. Niliogopa. Miezi minne nilikuwa nimeona ukuta, mlango, na uso wa wifi yangu, na sasa niko juu ya vichwa vya watu wote, nimevaa manjano, upepo unanipiga kifuani. Mwongozaji, dada mmoja mwenye kofia na kipaza sauti, akatuambia tuchunge matawi ya miti. Basi likaondoka.

Nimezaliwa mji huu na sikuwa nimewahi kuuona. Ukitembea chini unaona milango, unaona madimbwi, unaona mtu anayetaka kukuuzia soksi. Juu kule niliona kwamba majumba yana mabega. Jumba la sheria lilikuwa na taa chini yake, na nguzo zake zilionekana ndefu kuliko mchana. Kwenye stesheni ya reli watu walikuwa wamelala juu ya magunia yao wakingoja treni isiyo na saa. Wakainuka wote kututazama. Mmoja akanielekezea simu akapaza sauti: "Mama wa manjano, tupungie!" Nikampungia. Baadaye nilikuja kujua kwamba picha ile ilifika Ruashi kabla basi halijageuza kona.

Tulipokaribia kanisa kubwa la matofali, umeme ukakatika. Mtaa wote ukawa giza. Dada wa kipaza sauti hakukata tamaa.

"Ku mukono ya kuume, ba-mama na ba-papa, muko munaona kanisa kubwa ya muji."

Hatukuona hata pua zetu. "Tunaona, tunaona!" abiria wakaitikia, na kila mtu akawasha simu yake kuimulika ile hewa. Mzee mmoja nyuma akauliza kama giza nalo lina bei yake au limo ndani ya tiketi. Nikacheka mpaka binti yangu akanishika mkono akidhani nimeanza kulia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mwezi wa pili, na sikuomba radhi kwa mtu.

Kisha tukaupitia mlima mweusi wa mabaki ya shaba, na bomba refu la moshi kando yake. Mwongozaji alisema ni alama ya mji. Alisema kweli, lakini alikuwa mtoto mno kuujua usiku wake wa zamani. Nilipokuwa msichana kule Katuba, walikuwa wakiyamwaga yale mabaki yangali moto, na mbingu yote ya upande huo inakuwa nyekundu. Mama yangu alikuwa anatuambia tuharakishe kuosha masufuria kabla kiwanda hakijazima taa yake. Niliwasimulia abiria jambo hilo bila kipaza sauti, kwa sauti yangu ya kawaida ya kuita wateja, na dada yule akasogea kusikiliza.

Sikujua kwamba njia inapita msikitini. Mume wangu aliswaliwa pale, na mimi nilikuwa nimebaki nyumbani na wanawake, sikuona. Taa ya mlangoni ilikuwa inawaka, viatu vimepangwa nje, wanaume wanatoka isha. Nililia hapo. Sikujifunika uso, na kitenge cha manjano kililowa mbele. Mama mmoja asiyenijua aliniuliza nina nini, nikamjibu kwamba bwana yangu alipita kwenye mlango ule. Akanipa kitambaa cha mkononi, akasema pole, na hakuniuliza kwa nini sijavaa nyeusi.

Basi likasimama kwenye uwanja wa mbele ya Posta watu wapige picha, kabla ya mzunguko wa mwisho. Na hapo, kwenye ukingo wa barabara, nikamwona Yaya anashuka kwenye pikipiki, kitenge kimepinda, kilemba kimelegea. Pikipiki anaiogopa kama moto. Nikajua ana hasira kweli.

"Shuka!" akapiga kelele. "Shuka chini! Bantu bote beko banakuangaria! Ndugu yangu hajaoza na weye uko unavaa manjano!"

Dada wa kipaza sauti alitaka kutusuluhisha. Akainama ukingoni akiwa amekishika kile kipaza katikati yetu, akasahau kukizima. Kila neno likawa linasikika uwanja mzima.

"Yaya, hesabu nami," nikasema, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye ukuta wa Posta. "Miezi ine na siku kumi. Ongeza hata siku moja kama iko kwenye kitabu. Ongeza!"

"Desturi iko mwaka!"

"Desturi ya nani?"

"Miye nilikala mwaka muzima! Mwaka muzima, na sikupanda mabasi!"

Watu waliokuwa wakicheka wakamgeukia. Nilijua habari ile kama tunavyojua habari za ukoo, bila kuiuliza. Yaya alifiwa na mume akiwa na miaka thelathini. Alikuwa na meza yake ya samaki wa kukausha soko la Ruashi, meza nzuri, karibu na mlango. Wazee walewale, wakati huo hawajawa na mvi, walimweka ndani mwaka. Alipotoka, meza ina mwenyewe mwingine, na tangu hapo amekula kwenye nyumba za ndugu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Mwongozaji akaniuliza kwa sauti ndogo, ambayo nayo uwanja mzima uliisikia: "Mama, tufanye nini?"

"Nimelipa mpaka mwisho," nikasema. "Twende."

Basi likaondoka, abiria wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Niligeuka nikamtazama Yaya amebaki peke yake kwenye lami, anafunga kilemba chake, na iliniuma. Lakini sikushuka, na leo pia nisingeshuka.

Niliporudi nyumbani alikuwa ameshalala, au amejifanya. Alfajiri nilikuta ufunguo wa chumba juu ya meza, karibu na sukari. Nikauchukua, nikaenda kufungua chumba.

Kwa hiyo wazee walipokuja Jumapili alasiri walinikuta nashona. Nilimaliza kola ya shati, nikakata uzi, ndipo nikainuka nikawasalimia vizuri na kuwapa viti. Sikuwanyima chai. Baba mkubwa hakuzungusha maneno.

"Nani alikupa ruhusa ya kutoka inje?"

Kabla sijafungua mdomo, Yaya akajibu kutoka mlangoni.

"Miye. Miye njo nilimupa ruhusa."

Wazee wakatazamana. Niliona mabega ya baba mkubwa yanashuka. Ruhusa ilikuwa imetoka kwa dada wa marehemu, jambo limepata kichwa na miguu, wangeweza kunywa chai na kwenda zao. Yaya alikuwa amenifungulia mlango. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na chumba kingebaki wazi, na sare zingeshonwa.

Nilimshukuru moyoni. Lakini binti yangu alikuwa ameketi pale, na nikaona kwamba nikinyamaza, siku moja naye atahitaji wifi wa kumwonea huruma.

"Baba Mukubwa," nikasema, "Yaya ana moyo muzuri, lakini hakunipa ruhusa. Sikuomba. Eda iliisha, nikatoka. Na kesho nitashona, na kesho kutwa."

Kikombe kikagonga sahani. Baba mkubwa akamgeukia wifi yangu, shingo imejaa mishipa.

"Kumbe umedanganya bakubwa yako?"

Yaya aliingia chumbani polepole. Nilidhani ataomba msamaha, maana miaka yote niliyomjua alikuwa mtu wa kuomba msamaha mbele ya wale wanaume. Akasimama katikati yao na mikono mitupu.

"Nimedanganya," akasema. "Sasa na miye niulize. Ile mwaka yangu, nani atanirudishia?"

Baba mkubwa alitazama chai yake. Wale wawili walitazama mlango. Waliondoka kabla ya magharibi, na ufunguo wa chumba ukabaki kwangu.