Klarineti besi, ya mpingo au ya plastiki? Yaliyoikuta bendi yetu ya kanisa hapa Babati

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hili ninalolileta sikusimuliwa. Nilikuwepo, mikono yangu ililowa. Sina haja ya kutia chumvi, mkisoma mtaona chumvi ilishawekwa na watu wengine kabla yangu.

Mimi naitwa Mama Glori, nina duka la vifaa vya umeme hapa mjini. Najua kuna watakaoniita "bro" kwenye comments, nimewasamehe mapema.

Jumapili napuliza klarineti kwenye bendi ya kanisa. Bendi yetu ni ya matarumbeta hasa. Tunapiga ibadani na kwenye harusi, ila kazi yetu kubwa ni misiba. Huku kwetu mtu kuzikwa bila tarumbeta ni kama kapelekwa kimya kimya.

Sasa mpuliza besi wetu ni Baba Anjela. Mzee mpole, mkulima wa Nakwa. Lile tarumbeta kubwa la besi amelibeba tangu mimi nikiwa Sunday school.

Mwaka huu mgongo ukakataa. Daktari akamwambia asibebe tena kitu kizito.

Hakulalamika. Aliendelea kuja mazoezini, anakaa kwenye benchi, mikono magotini, anatusikiliza. Wakuu, hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Bahati nzuri Baba Anjela ujanani alianza na klarineti. Na kuna klarineti kubwa inayopiga sauti za chini, inaitwa klarineti besi. Bomba refu, juu ina shingo ya chuma, chini mdomo wa chuma uliokunjika kama kiko cha mzee. Nyepesi kuliko lile tarumbeta mbali kabisa.

Nikaulizia huku na kule. Mwalimu mmoja mstaafu wa muziki kule Arusha akasema anazo mbili na hazipigi tena. Akatupa zote tuzijaribu. Tuchague moja iwe yetu, nyingine ataipeleka kwa kwaya nyingine.

Moja ya plastiki ngumu. Nyingine ya mbao, na mbao yenyewe ni mpingo.

Hapo ndipo moto ulipowaka.

Mwenyekiti wetu Baba Elia, ambaye zamani aliuza vinyago kwa watalii, alisimama kabisa. "Mpingo ni mti wetu! Wazungu wanakuja kuuchukua huku, halafu sisi tuchague plastiki kama ndoo?"

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, sikatai.

Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nikawaomba wote wageukie ukutani, Baba Anjela akapiga pambio moja kwa ile, kisha kwa hii. Wote wakasema ya kwanza ni mpingo, sauti nzito, ya heshima. Kweli ilikuwa ya mpingo. Baba Elia akanicheka.

Sikuridhika. Nikabadilisha vile vidomo vya kupulizia, cha huku nikakiweka kule, bila kuwaambia. Wakageuka tena ukutani. Safari hii walioshangilia "mpingo huo!" walikuwa wanashangilia plastiki.

Yaani sauti waliyoipenda ilifuata kidomo na ule ulimi wake wa mwanzi, haikufuata bomba. Baba Anjela peke yake alisema anaisikia tofauti kidogo kwenye vidole, ila sisi wasikilizaji tulikuwa tunabahatisha tu.

Kumwambia Baba Elia hivyo ilikuwa kumwagia petroli.

"Basi huenda hata huo siyo mpingo," akasema. "Mimi nimeona vinyago vya mti mweupe vimepakwa kiwi ya viatu, vikauzwa kwa jina la mpingo."

Mimi nikaenda zangu jikoni kwa akina mama kuangalia chai.

Ninyi mnaojua vinyago mshajua kilichofuata. Mpingo unapimwaje? Mpingo halisi ukiutia majini unazama.

Narudi na birika, nakuta watu wameizunguka ndoo. Kipande cha chini cha klarineti ya mpingo kimelala ndani ya maji. Baba Elia anatabasamu kama bwana harusi. "Umezama, Mama Glori! Ni halisi!"

Na hawakukitoa. Walikiacha humo wakibishana, kwa sababu mtu mmoja alitia na kile cha plastiki na chenyewe kikazama. Kile kina vitufe na vyuma kibao, kisizame kwa nini? Kipimo hakikupima chochote.

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga ndani ya uzio wa kanisa. Mchungaji alitoka ofisini.

Nikavitoa, nikavifuta kwa khanga yangu, nikaviweka kivulini. Baba Anjela aliangalia tu vile vipande vinavyodondosha maji, na mimi nikajua anafikiria lile benchi.

Jioni simu ikaingia. Mpiga ngoma wetu wa zamani, aliyesimama ubavuni kwa Baba Anjela miaka yote, amefariki. Mazishi kesho yake, Sigino.

Asubuhi nikajaribu kuunga ile ya mpingo. Haikuingia. Mbao ilikunywa maji, ikavimba pale inapounganishwa. Ukilazimisha, unapasua.

Ya plastiki iliungana kama jana. Kitufe kimoja tu kilikuwa kinavujisha pumzi, nikakifunga kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli.

Sigino kulikuwa na baridi na upepo. Bendi yetu ina desturi: msibani hakuna anayepuliza hata kidogo, hata kujaribu, mpaka jeneza litoke mlangoni. Sauti ya kwanza ni ya marehemu. Kwa hiyo vyombo vinakaa kimya, vinapoa, halafu ghafla vinatakiwa vilie.

Jeneza likatoka. Nikamwangalia Baba Anjela kwa jicho la pembeni.

Besi ikaja. Chini kabisa, nene, haikutetereka. Akatembea nayo kamba shingoni mpaka kaburini, machozi yanamtoka na hakukosa noti.

Baadaye ile ya mpingo ilikauka vizuri kivulini, ikaungana, haikupasuka. Baba Elia akafufuka. Akasema sasa tuchague kwa amani, mpingo uko salama. Mabishano yakaanza upya.

Ndipo nikagundua kitu cha ajabu. Muda wote ule hakuna aliyemuuliza mpigaji. Nikamuuliza.

Baba Anjela akazitazama zote mbili. Akaigusa ya mpingo kwa upendo kabisa.

"Hii ni nzuri kuliko ile," akasema. "Lakini ni mgonjwa kama mimi. Inaogopa baridi, inaogopa jua, inaogopa mvua. Sasa wagonjwa wawili tukienda msibani pamoja, nani atambeba mwenzake?"

Baba Elia mwenyewe ndiye aliyempa ile ya plastiki. Ya mpingo ilikwenda kwa kwaya inayopiga ndani ya kanisa, chini ya bati, na nasikia wanaitunza kama yai.

Nilichojifunza: kabla ya kuuliza kipi ni bora, uliza kitaishi wapi na nani atakuwa nacho. Na ndoo za maji zikae mbali na bendi.

Wapulizaji mliopo humu, nyie chombo cha mpingo mnakilindaje kwenye baridi za huku juu? Bado nina hamu ya kujua. Na wewe uliyewahi kuzamisha cha kwenu, usione haya, Baba Elia anakusubiri.