Victoire Anatazama Mlango

Tangu Sophie auawe na watu wenye silaha shambani kwao Kalunguta, mume wake Kasonia aliogopa jua likianza kushuka. Ndio wakati Sophie alikuwa anarudi na jembe begani. Mtoto wao Victoire, mwenye miaka saba, hakuweza kukaa wala kusema, na shingo yake haikubeba kichwa. Lakini kila wakati huo ulipofika aligeuza macho polepole mpaka mlangoni, akatoa sauti nyembamba ya kooni, kama mtu anayeitika. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Walikimbilia Butembo, wakapanga chumba mtaa wa Rughenda. Mlango ulikuwa mwingine. Mtoto aliutazama vilevile.

Majirani walinong'ona kwamba marehemu anakuja kumchukua mtoto wake. Kasonia hakubisha. Alifyatua matofali bondeni, na sasa akawa anachelewa makusudi, akimwacha Victoire kwa mama mwenye nyumba. Akimlisha mtoto uji, Kasonia alitazama kijiko tu. Uso wa mtoto ulikuwa ule ule wa Sophie.

Jokébed, mama wa parokia aliyetembelea wazazi wa watoto walemavu, hakumkemea. Aliketi nao jioni moja, akaona macho yakienda mlangoni, akaona pia Kasonia akiupa mlango mgongo. Akamuuliza Kasonia: Sophie alikuwa anafanya nini akifika nyumbani? Alikuwa anaweka jembe chini, Kasonia akasema, anapuliza mikono ipate joto, anamushika mutoto mashavu, anamuita Vivi.

"Papa Victoire," Jokébed akamwambia, "sijue kama anaona mufu. Lakini najua anangoja mutu. Ingia wewe."

Kesho yake Kasonia alirudi mapema. Alisimama nje, kisha akaingia. Akapuliza mikono, akamshika mtoto mashavu.

"Vivi."

Macho ya mtoto yalimpita, yakabaki nyuma ya bega lake. Kasonia alitaka kutoka, ila hakutoka. Alirudia hivyo kila jioni, masika yote, mvua ikipiga mabati mpaka hakusikia sauti yake mwenyewe.

Siku moja, kabla hajamgusa, macho yale yalitoka mlangoni, yakamjia, yakatulia usoni pake. Ile sauti ya kooni ikakatika, ikawa kicheko kizito chenye mate. Kasonia akalia. Hakuwa amelia tangu mazishi.

Sasa anamlisha akimtazama. Amejua kwamba vidole vikikunjwa ni njaa, na mguu ukikakamaa ni maumivu. Hata hivyo, jioni nyingine macho ya Victoire bado yanampita. Jokébed alimuuliza kama woga umekwisha.

"Iko bado," Kasonia akajibu. "Lakini nikikimbia, atabakia na nani?"

Jioni za namna hiyo anamweka mtoto kifuani, anamshikia kichwa vizuri, kisha anasogea kidogo pembeni, asimzibie mlango.