Maharage Yaliyokataa Kufuata Daftari

Kazi yangu chuoni, hapa Likasi, ilikuwa kuwasaidia walimu walionizidi vyeo waongoze mabadiliko. Kila mmoja achague somo moja katika kozi yake, aliunganishe na mazingira yanayotuweka hai, yaani msitu, maji na udongo, kisha alifundishe kwa namna ambayo mwanafunzi anafanya kitu kwa mikono yake badala ya kuketi akiandika tu. Hivyo ndivyo barua yangu ya kazi ilivyosema. Haikusema nifanyeje walimu wakikubali kila neno kisha waende kufanya yale yale ya jana.

Nilikuwa na chumba kimoja, meza, na kabati lisilofungika. Mvua zilipoanza tukaarifiwa kwamba tume ya chuo itapita kuangalia somo moja lililobadilika. Likiwepo, kitengo changu kinabaki. Lisipokuwepo, chumba kitawekwa viti vya plastiki vya sherehe, nami nitarudi maktaba kugonga mihuri kwenye vitabu. Mihuri nilikwisha kuigonga miaka minne, na vitabu vyenyewe ni vile vile. Nasema wazi, niliogopa.

Walimu saba walijiandikisha. Mkutano wa kwanza waliunda komite. Kwetu watu watatu hawawezi hata kujikinga mvua chini ya kibaraza kimoja bila kumchagua rais, makamu na mshauri. Hadi saa nane mchana tulikuwa na vyeo tisa kwa watu saba, na hakuna aliyechagua somo. Mkutano wa pili wakajadili rangi ya kitenge cha sare. Mkutano wa tatu sita hawakuja, kwa sababu rangi haikuwapendeza. Akabaki mmoja.

Huyo mmoja alikuwa profesa wa mambo ya joto na nishati. Amezaliwa mtaa wa Panda, hapa hapa Likasi, mtoto wa mfanyakazi aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Alivaa suti ya kahawia na tai hata jua likiwa la kukaanga, na karatasi za kozi yake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Alifundisha kwa imla, kama wengi wetu tulivyofundishwa: profesa anasoma, wanafunzi wanaandika, na vituo vyote vinatamkwa. Alikuwa mpole kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe kumkasirikia kwa wakati.

"Madamu, minye niko tayari kwa kubadilika," aliniambia. "Uniambie tu muzuri, ya kwanza, ya pili, ya tatu."

Nikamweleza nusu siku nzima. Akaandika kila kitu, akanishukuru mara mbili, akanisindikiza mpaka kwenye ngazi. Kesho yake nikapita chini ya dirisha la darasa lake. Masomo yetu ni kwa Kifaransa, nami nayageuza hapa kwa Kiswahili. Nilimsikia akisoma taratibu: "Mwalimu wa kisasa hatoi imla. Nukta. Mstari mpya. Humwacha mwanafunzi atafute mwenyewe. Nukta. Pigieni mstari neno 'mwenyewe'."

Nilishika ukuta nisianguke kwa kicheko. Kisha nikakumbuka mihuri ya maktaba, kicheko kikakatika.

Tulielewana kwamba tutafanya jaribio la makala, yaani makaa ya kupikia. Mji mzima unapika kwa makala. Kila asubuhi baiskeli zinaingia kutoka upande wa Kamatanda zikiwa na magunia yaliyompita mwendeshaji kwa urefu, na msitu yanakotoka makala hayo unazidi kuwa mbali. Basi wanafunzi watengeneze mbabula, lile jiko letu la makala, lakini ndani walipake udongo wa mfinyanzi ili lihifadhi moto. Waliweke kando ya mbabula ya kawaida. Makala yapimwe sawasawa, sufuria sawa, maharage sawa, tuone ni lipi litaivisha kwanza. Mbabula ya kawaida profesa alisema ataileta kutoka kwake, pamoja na mtu wa kuiangalia, yaani mke wake.

Siku ya tume ilifika na matope yake. Tulipanga viti uani. Rais wa tume alikuwa mzee mwembamba mwenye mkoba mweusi, na swali lake la kwanza lilikuwa ni nani atatoa hotuba ya ukaribisho. Nikamwambia leo hakuna hotuba. Akanitazama kama mtu aliyealikwa harusi isiyo na bibi harusi.

Wakati wanafunzi wanapima makala nikachungulia daftari la msichana mmoja aliyekuwa mbele. Jaribio lote lilikuwa limekwisha kuandikwa, kwa wino wa bluu, na kichwa cha habari kwa wino mwekundu. Kulikuwa na jedwali. Kulikuwa na dakika. Chini kabisa: "Mbabula mpya iliivisha maharage kwanza, tena makala yalibaki."

Nikamvuta profesa pembeni kwa mkono wa koti.

"Profesere, ulisha kubapa banafunzi jibu?"

"Nilibapa juzi," akasema, bila kuona kosa. "Komisyo inakuya, na beye banaanza kutafuta-tafuta mbele ya bantu? Itakuwa haya, Madamu."

Nilimpa maneno makali, kwa sauti ya chini, huku nikiitabasamia tume. Nilimwambia kwamba kazi yangu ya mwaka mzima ameitia maji. Nilimwambia kwamba jaribio lenye jibu tayari si jaribio, ni maigizo. Aliinamisha kichwa, tai ikaning'inia. Lakini nyani haoni kundule. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na ripoti niliyoichapa jana yake na kuitia sahihi: "Somo lilifaulu sana. Matokeo ni mazuri kabisa."

Moto ukawashwa. Wanafunzi wa mbabula mpya, wahandisi wa kesho, waliwasha kwa mfuko wa plastiki na karatasi za mtihani wa mwaka uliopita. Moshi ukamfuata rais wa tume. Alihamisha kiti kulia, moshi ukaja kulia. Alihamisha kushoto, ukaja kushoto. Mwishowe akakaa tu, anatoa machozi kwa heshima.

Mke wa profesa hakutazama mtu. Alipanga makala madogo chini na makubwa juu, akageuza mdomo wa mbabula yake kwenye upepo, akapepea kwa kifuniko cha sufuria kama mara kumi, akaketi. Mbabula yenyewe ilikuwa ya bati la pipa, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Mara sufuria yake ikaanza kuimba.

Ile mpya ilikuwa inatoa mvuke, lakini si kwenye sufuria. Mvuke ulitoka kwenye kuta zake. Wanafunzi waliipaka udongo mwanzoni mwa juma, na juma lote mvua haikupumzika. Mbabula ilikuwa inajipika yenyewe. Maharage ndani ya sufuria yalitulia kama wageni waliofika mapema.

Harufu ya maharage ya mama huyo ilipoanza kuzunguka uani, nikaona kwamba hakuna mwanafunzi anayeandika. Kalamu zote zilikuwa juu. Yule msichana wa mbele akanyoosha mkono, mwingine umeshika kaye yake, yaani daftari.

"Profesere, twandike ile yenye iko ku mbabula, ao ile yenye iko mu kaye?"

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali la kweli, na mtihani ulikuwa karibu. Profesa alitazama karatasi zake za rangi ya chai kama zingemwambia kitu, kisha akamgeukia mke wake. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau hasira yangu.

"Mama, juu ya nini yetu inakatala?"

"Bulongo ingali mubichi, Papa," akajibu mama, akiuonyesha udongo wa kuta kwa mwiko. "Inakunywa moto yote. Na tena yangu ni minye naangalia. Mungenipatia ile mupya, ikauke muzuri, mungeona ingine."

"Na ikikauka, itakula makala kidogo?" profesa akauliza tena.

"Nani anajua? Tupike tuone. Lakini mufanye mbio. Minye nilipoolewa, buyoga tulikuwa tunachuma apa-apa nyuma ya Panda. Leo unapanda pikipiki kwa kutafuta buyoga, na njiani unapishana tu na makala."

Hapo ndipo darasa lilipoharibika. Mmoja akasema mbabula ikaushwe kwanza. Mwingine akasema hapana, wapishi wabadilishane, kwa sababu aliyeshinda ni mama, si bati. Wa tatu akasema basi wapishi wawe wengi, na wa nne akamwambia wa tatu kwamba hajui kitu, tangu lini mwanaume akapikishwa maharage ya mtihani. Walisimama, hawakunyoosha mikono, walikatizana. Na profesa alikuwa ameomba kalamu kwa mwanafunzi, anaandika. Anaandika wanayosema wao. Nilisikia furaha mpaka nikaona haya kuwa na furaha hivyo katikati ya hasara.

Maharage ya mama yaliiva. Tume ilikula, na rais akarudia sahani. Kisha akafuta mdomo, akanyoosha mkono kwangu.

"Madamu, ripoti."

Niliitoa. Ilikuwa imepigwa muhuri, safi, bila kosa hata moja la herufi. Rais angeitia sahihi pale pale, akiwa ameshiba. Profesa aliiona karatasi, akasoma mstari wa kwanza kwa mbali, kisha akanitazama. Hakunilaumu hata kidogo, na nilitamani angenilaumu. Niliikunja mara nne, nikaitia chini ya sufuria ya mbabula mpya, ambayo bado ilihitaji msaada.

"Ripoti bado, Prezida," nikasema. "Atuyue kama mbabula inafaa. Bulongo aikukauka, na mupishi alikuwa mumoja."

"Sasa somo yenu ilifaulu, ao aikufaulu?"

"Bado tunafundisha."

Alifungua fomu yake. Kulikuwa na visanduku viwili tu, cha kufaulu na cha kutofaulu. Aliviangalia muda mrefu, kalamu inapaa na kushuka, kisha akaandika kwa mkono katikati: "Kazi inaendelea." Akaeleza tume yake, kwa uzito wote wa cheo, kwamba dosie, yaani faili, ambayo haijaisha haiwezi kufungwa, na ofisi yenye dosie wazi haiwezi kuwekwa viti. Akauliza jaribio la pili litakuwa siku gani, na kama mama atapika na samaki.

Walipoondoka, profesa akasimama mbele ya wanafunzi, akakaza tai. Daftari zikafunguka zenyewe, ni mazoea.

"Konklizyo," akasema, kutangaza hitimisho.

Wakaandika, wakapiga mstari chini yake. Wakangoja. Yeye aliitazama mbabula yenye mvuke, akamtazama mke wake aliyekuwa anasugua sufuria kwa majivu.

"Tuache mistari ngapi, Profesere?" akauliza yule msichana.

"Siyue," akasema profesa, na kweli alikuwa hajui.

Vichwa vyote vikainama pamoja, na kalamu zikaliandika neno hilo. Akanyoosha mkono awazuie. Kisha akaona kwamba walichoandika ni kweli, akaurudisha mkono mfukoni.